Viini Vyote Viko Huru

Kwenye skrini mistari ya kijani ilikuwa imejaa hadi juu, mmoja kwa kila kiini cha kompyuta, yaani kila sehemu yake inayopiga hesabu. Hakuna kiini kilichozembea. Tshilidzi alikuwa ameigawa kazi vizuri, na tangu wiki iliyopita mashine ilikuwa ikikokotoa jinsi mafuriko yatakavyopita juu ya bwawa. Tasnifu yake ilisubiriwa Ijumaa.

Profesa akaingia na wafadhili.

"Binti, nipishe. Nataka wageni waone kasi ya mashine."

"Prof, itamaliza leo jioni. Na haijahifadhi chochote. Wewe ndiye uliyesema kuhifadhi kunaichelewesha, tuache."

"Nilisema, ndiyo. Sasa ikatishe."

Katika maabara ile ya Pretoria hakuna aliyekatisha kazi ya mwenzake. Kila mtu aliikatisha yake, kwa mkono wake. Tshilidzi alimtazama, akingoja acheke. Profesa akamsogezea kibodi taratibu, kama anayemkaribisha chakula.

Tshilidzi akabonyeza kitufe. Mistari yote ikaanguka kwa pamoja.

"Mnaona?" Profesa aliwaambia wageni. "Viini vyote viko huru."

Kisha, bila kugeuka: "Binti, watu hawa hawajanywa chai."