Gari Lililokataa Kushuka Ziwani

Fundi Romanus aliketi kiti cha nyuma cha Pijo 404, taa ndogo imelala mapajani mwake kama kifaranga. Waya wake ulipita dirishani, ukazama chini ya boneti, ukashikana na koili. Maadamu taa iliwaka, umeme ulikuwa ukifika.

“Likizima, usiguse kitu, Mzee,” alimwambia Mzee Raimundi aliyeshika usukani. “Gari likifa na taa ikabaki hai, kosa ni la kile kisanduku. Vikifa pamoja, umeme umekatika kabla haujakifikia.”

“Mimi nitagusa nini? Zamani nilikuwa na platini, vile vichuma vya kutoa cheche. Ikileta kiburi, naisugua kwa ubavu wa kiberiti, safari inaendelea. Wewe ukaniwekea kisanduku kisichofunguliwa. Kikininunia, nikisemeshe kwa lugha gani?”

Romanus aliukaza waya wa taa. Ni yeye aliyeng’oa platini na kufunga mtambo wa elektroniki, ndio kisanduku hicho, akajigamba mbele ya mafundi wa Mbinga. Naye mwenye kiburi cha elimu, dunia humtafutia mwalimu. Tangu siku ile gari lilikuwa limezimika safarini mara mbili, zote katika kona ileile ambapo Ziwa Nyasa huonekana kwa mara ya kwanza. Kila alipoitwa, alilikuta limepoa, na akiligusa tu, linanguruma. Mzee, kwa kuuhofia mteremko, hugeuza kurudi nyumbani Matiri. Romanus akasema ni joto. Akabadilisha kisanduku, akabadilisha koili, akabadilisha rota na nyaya za plagi. Kosa likazidi kumcheka.

Kando ya mumewe, Bibi Scolastika alipakata kikapu cha nguo zake. Huu ulikuwa mwaka wa pili tangu kumbukumbu impe mkono wa kwaheri. Aliwasha moto akausahau, jiko likaungua. Aliamka alfajiri kwenda kuchuma kahawa katika shamba lililokwisha kuuzwa. Watoto wakakutana, wakaamua: mama ahamie Mbaha kwa binti yao Tadea, baba abaki Matiri na mibuni yake iliyosalia. Mzee hakuwa na nguvu ya kuwapinga. Aliomba jambo moja tu, mkewe asipandishwe gari la mtu. Alimtoa kwao Mbaha, bi harusi, kwa Pijo hii. Atamrudisha kwa Pijo hii.

“Na likizima leo, siendi tena,” alisema. “Nitajua Mungu amekataa, na watoto nitawaambia hivyo hivyo.”

Romanus aliifuta taa kwa kitambaa, ingawa haikuwa na vumbi. Tadea alikuwa akingoja, amekwisha kumtandikia mama yake kitanda. Jina lote la ufundi wake lilining’inia kwenye taa ile, na kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na tano ya spana, hakujua la kufanya.

“Nazari,” Bibi aliita bila kugeuka, “umekula?”

“Nimekula, Bibi.”

Romanus alikwisha kuchoka kumsahihisha. Nazari alikuwa kaka yake Bibi, na alikuwa kaburini siku nyingi.

“Usimjali, mwanangu. Kila mwenye spana kwake ni Nazari,” Mzee alisema kwa upole. “Marehemu ndiye aliyepanga nyaya za gari hili, enzi tukipeleka kahawa Kitai. Na hatukuibiwa hata siku moja. Mimi nikishuka, mke wangu hubaki nyuma kidogo, ameinama, analiombea. Wezi walilijaribu mara mbili, likawakatalia. Sala za mwanamke huyu, Fundi, ni komeo.”

“Basi angeniombea na mimi,” Romanus alisema. Mzee akacheka kidogo, kicheko kisichofika mbali.

Mibuni iliisha, ikaja mihogo; ubaridi wa milimani ukabaki nyuma. Injini iliimba bila kigugumizi. Romanus alihesabu kona huku akisali Salamu Maria kimoyomoyo, macho hayabanduki kwenye taa. Bibi alivua kiatu cha kulia, akakiweka kikapuni juu ya nguo, kama mtu aliyefika kwake.

Kisha ziwa likajifunua lote, na injini ikakatika kama uzi.

Taa nayo ikafa.

Gari lilijikokota hadi ukingoni mwa barabara, likasimama. Mzee Raimundi aliegemeza paji la uso kwenye usukani, hakugusa ufunguo. “Umeona mwenyewe, Fundi,” alisema. Akashuka, akaenda kusimama mbele ya gari, amewapa mgongo, analitazama ziwa.

Romanus alibaki na taa iliyokufa mkononi. Vimekufa pamoja. Basi kisanduku hakikuwa na kosa, wala kile alichokitupa kabla yake. Umeme ulikatikia humu ndani, mahali fulani kati ya ufunguo na koili. Alijipenyeza katikati ya viti vya mbele, akaufuata kwa macho waya mkuukuu chini ya dashibodi, hadi ulipozama chini ya zulia, upande wa abiria.

Pembe ya zulia ilikuwa imefunuliwa. Kidole gumba cha mguu wa Bibi kilikuwa juu ya swichi ndogo ya siri, iliyong’aa kwa kuguswa miaka mingi. Kikaisukuma, taa mkononi mwa Romanus ikawaka. Kikairudisha, ikazimika. Komeo lililowakatalia wezi halikuwa sala.

Bibi Scolastika aligeuka, akamtazama machoni.

“Romanus,” alisema taratibu, “mwambie mume wangu kisanduku kimekufa.”