Mapishi ya Sista Musimbi

Mama Kemunto alikitoa kipande cha ingokho mdomoni, akakifunga ndani ya kitambaa, akakitia mfukoni. Kuku huyo alikuwa ameungua nje, mbichi ndani, na chumvi yake ingetosha ng'ombe watatu.

Ilikuwa wiki yake ya kwanza kuwa mkuu wa nyumba hiyo ya masista, kando ya barabara ya Malava. Pale mezani masista wanane walitafuna kimya, macho chini, kama watu wanaongoja kuungama.

"Niwaongezee?" Sista Musimbi alichungulia kutoka jikoni, mwiko mkononi.

"Asante, Sista, tumeshiba!" wakajibu kwa pamoja.

Alipoondoka, Mama Kemunto alimgeukia Sista Jael, mzee kuliko wote. "Mmekula hivi tangu lini?"

"Miaka kumi na tisa."

"Na hakuna aliyesema?"

"Mama, utasema vipi? Yule ni mtakatifu. Anafua nguo zetu, anapiga deki kwa magoti, hajawahi kununa hata siku moja. Ukimwambia hajui kupika utamuua. Sisi tunakulanga tu, tunamtolea Mungu." Sista Jael akashusha sauti. "Mama aliyekutangulia alilazwa mara mbili kwa sababu ya tumbo. Hakusema neno."

Lakini Jumapili askofu alikuwa anakuja kula nao chakula cha mchana. Askofu mwenyewe alikuwa na vidonda vya tumbo.

Mama Kemunto alisali siku mbili. Ijumaa asubuhi akajikaza, akaingia jikoni. Sista Musimbi alikuwa akisugua sufuria huku akiimba kwa sauti ya chini. Alipomwona mkuu wake, alifuta kigoda haraka kwa kanga, akamkaribisha.

"Sista, wewe ni mwema kuliko sisi sote," Mama Kemunto alianza. "Nyumba hii umeibeba mgongoni. Lakini chakula chako..."

"Chakula changu kimefanya nini, Mama?"

"Hakiliki."

Sufuria ilianguka. Sista Musimbi akajifunika uso kwa aproni, mabega yakaanza kumtetemeka. Mama Kemunto alijiona mkatili kuliko watu wote wa Kakamega. Akapiga magoti kwenye sakafu yenye maji, akamkumbatia.

"Nisamehe, dada yangu. Sikupaswa kusema."

Aproni ilishuka. Sista Musimbi alikuwa akicheka hadi machozi.

"Usiombe msamaha, Mama! Siku niliyofika hapa niliomba kazi ya ng'ombe. Mkuu wa wakati ule akanipa jikoni, akasema nitatoka siku sista mmoja atakapolalamika juu ya chakula. Mmoja tu! Nikaunguza, mkala. Nikazidisha chumvi, mkashukuru. Juzi nilitia sabuni, na Sista Jael akaomba aongezewe."