Usukani Mzito wa Radosav

Asubuhi ya ishirini na moja mfululizo, Radosav alikuta oili nyekundu imetuama chini ya gari lake, na usukani mzito kama jiwe la kusagia.

Akafungua boneti, akapapasa kwa vidole mpaka akaufikia mpira wa oili ya usukani. Klipu aliyoikaza jana kwa mikono yake mwenyewe ilikuwa imelegea tena.

"Limekojoa?" aliuliza Gvozden, mchomeleaji mstaafu wa ghorofa ya pili, akishuka na kikombe cha kahawa.

"Limekojoa. Pampu nimeing'oa kwenye gari bovu huko skrepa. Mpira mpya. Oili chupa nne. Imebaki nini sasa, niikaze kwa meno?"

"Meno yenyewe unayo, jirani?"

Haikupita muda, nusu ya jengo ilikuwa imelizunguka gari, kama kila asubuhi. Huyu alishauri kipande cha tyubu ya baiskeli, yule uzi wa mafundi bomba. Milunka, mwenyekiti wa jengo, alileta sinia la pita, mkate wa tabaka wenye jibini. Mama huyo alipanga zamu za kila kitu, kufagia ngazi, kuzoa theluji, kumwagilia maua, na karatasi zake zilijaa ukuta wa mlangoni, mistari imepigwa kwa rula.

"Ni mtikisiko tu," alisema. "Gari kuukuu ni kama goti la mzee. Ukilikaza huku, linaachia kule."

Hakuna aliyemlaumu, na hilo Radosav alilishukuru kimoyomoyo. Wiki tatu nyuma, alfajiri, kabla watoto hawajafika, alikuwa ameulaza chini uzio wa chekechea. Alishuka garini, akasema, "Usukani umenikatalia." Watu hawa, ambao hata rangi ya kupaka ngazi iliwashinda kukubaliana, walikubali papo hapo. Ni usukani, jirani. Tutautengeneza. Na kesho yake, kweli, usukani ulikuwa mzito. Mwenyewe alishangaa.

Miaka thelathini na nne aliendesha basi la mji huu. Wengi wao aliwapeleka shule, kisha akawapeleka kujifungua. Nani angemfundisha gari?

Lakini Jumamosi ilikuwa siku ya wafu, na kaburi la mkewe, Desanka, lilikuwa kijijini, juu milimani. Miaka kumi na moja hakuwahi kukosa.

"Panda na mimi," Gvozden alimwambia kwa mara ya tano.

"Desanka hajawahi kuniona nikiletwa kama gunia la viazi. Nitakwenda na hili, au siendi."

Akachukua kisu cha jikoni, akaikaza klipu kwa ncha yake. Bisibisi yake ndogo ya mpini wa njano ilipotea wiki ile ile ya kwanza. Uzee, alijiambia. Vitu vinapotea, mikono inachoka, na oili inamwagika tu, ufanye usifanye.

Ijumaa jioni nyumba ya Milunka ilifurika. Jikoni sufuria ya ngano ya kupeleka makaburini ilikuwa ikichemka, sebuleni watu wamebanana hadi kwenye mikono ya makochi. Radosav aliingia akifuta viganja.

"Nimekaza. Usukani nimeujaza oili. Unazunguka kwa kidole. Kesho saa kumi na mbili naondoka."

Gvozden akamtazama Milunka. Kisha wote wakaongea kwa pamoja, na Milunka akasema anafuata lozi na jozi roshani.

"Hiyo chupa ya rakija inafunguliwa na nani?" Gvozden alipaza sauti. "Au tunaitazama tu?"

Radosav akaenda jikoni kutafuta kizibuo. Akavuta droo ya kwanza, vijiko. Akavuta ya pili.

Bisibisi yake ya mpini wa njano ilikuwa humo, ncha yake ingali na oili nyekundu. Chini yake palikuwa na karatasi iliyopigwa mistari kwa rula, na penseli imefungwa kwa uzi. Aliisogeza mpaka ikakaribia kugusa pua yake. Jumatatu, Milunka. Jumanne, Gvozden. Jumatano, nesi wa ghorofa ya tatu. Jengo zima lilikuwemo, wiki tatu kamili, kila jina na alama yake ya vema.

Ni Jumamosi ya kesho peke yake iliyokuwa tupu. Mtu alikuwa ameandika jina pale, akalifuta. Mwingine naye akaandika, akafuta.

Sebuleni walikuwa wakicheka. Radosav aliitia bisibisi mfukoni, akaishika penseli, kisha akajaza jina lake mwenyewe.