Zamu ya Zamoyoni

Tangu ofisi ya misaada ibaki bila mtumishi hata mmoja, kila mwombaji alilazimika kwanza kumsikiliza mwombaji mwenzake kwa simu na kumwamulia. Aliyekataa ombi la mwenzake alisogezwa mbele kwenye foleni. Aliyekubali alirudishwa nyuma.

Zamoyoni aliketi kando ya kitanda cha mumewe, Hizza, ambaye mtungi wake wa oksijeni ulikaribia kwisha. Kwenye simu, mwanamke asiyemjua alikuwa akimwombea mwanawe insulini.

"Dada, bado uko hapo?"

Zamoyoni alisogeza kidole kwenye kitufe cha kukataa.

Hizza akamshika mkono. "Mpe," alisema kwa shida. "Mtoto ana kosa gani, mke wangu?"

Akampa. Mwanamke akamwombea dua huku analia.

Zamu ya Zamoyoni ya kusikilizwa ilipofika, midomo ya Hizza ilikuwa imeanza kubadilika rangi. Mwanamume mmoja, mwombaji kama yeye, alimsikiliza kwenye simu mpaka mwisho bila kumkatiza.

"Nimekuelewa, mama," alisema taratibu. Nyuma yake mtu alikuwa akikohoa. "Ila na mimi nina mgonjwa hapa."

Zamoyoni aliikandamiza simu sikioni, akakisikiliza kile kikohozi.