Mto wa Leso

Nilitandaza leso ya buluu sakafuni. "Huu ndio mto Tana," nikawaambia Kidato cha Tatu. "Kila mmoja aweke jiwe mahali pa babu yake."

Kadra akaweka lake mbali kidogo na leso. "Hapa ni malka yetu. Ng'ombe wa babu walishukia hapa kunywa maji."

Mwenzake wa kijiji cha Kulesa akaligongesha lake kwenye la Kadra. "Hapa ni shamba letu. Malka gani isiyo na mto?"

Nikajuta kwa nini sikufundisha kutoka kitabuni.

Kadra akachuchumaa, akashika pindo la leso, akaivuta polepole hadi ikagusa mawe yote mawili. "Nyanya anasema kabla ya mafuriko mto ulipita hapa."

Mwenzake akainama, akaigusa leso, akasema:

"Ndiyo maana baba akilima huchimbua pembe za ng'ombe."