Mawe ya Mwalimu Macharia

Jiwe la kwanza lilimponda Musau kidole cha mguu, na Mwalimu Macharia akalichangamkia kama mfano.

"Mmeona? Likiwa mikononi lilikuwa na potential energy. Likaanguka, ikawa kinetic. Sasa imegeuka kuwa nini?"

"Uchungu," alisema Musau, akivua kiatu.

"Joto na sauti. Uchungu hauko kwa silabasi."

Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa nne, mwaka wa tisini na sita, na mvua ilikuwa imelainisha Murera yote. Lori la mawe lilikuwa limekataa kupanda mlima kwa sababu ya matope, likamwaga mzigo kando ya barabara na kurudi zake Ruiru. Ploti ya Mwalimu ilikuwa juu kabisa, kileleni. Kampuni iliyomuuzia ilikuwa imetoa onyo la mwisho: ploti ambayo ujenzi hautakuwa umeanza kufikia Jumatatu ingepewa mwanachama mwingine. Fundi angekuja kesho yake asubuhi, na alitaka kuyakuta mawe juu. Vibarua nao wangetaka kulipwa. Kidato cha tatu hakikutaka kulipwa, na kwa bahati njema kilikuwa kimefika kwenye mada ya kazi na nishati.

Basi Mwalimu akatangaza practical.

Practical nyingine wangeifanyia wapi? Shule yao, iliyokuwa upande wa pili wa mlima, haikuwa na maabara. Ilikuwa na mahali pa maabara tu, yaani mtaro wa msingi uliomea magugu tangu wazazi walipochanga na Mwalimu Macharia akakabidhiwa mchango autunze. Aliutunza vizuri mno, maana hakuna aliyeuona tena. Mwenyekiti wa wazazi, Mama Kulthum, muuza vitambaa wa Thika ambaye hajawahi kuhitaji kipaza sauti, aliuliza kila mkutano maabara imefika wapi. Kila mkutano alijibiwa kwamba vifaa viko njiani. Jumamosi hiyo, kusema kweli, vilikuwa njiani: vilikuwa vimerundikwa kando ya barabara vikinyeshewa.

"Swali ni moja," alisema Mwalimu. "Kila mtu abebe mawe, halafu jioni anipe jibu: amefanya kazi kiasi gani dhidi ya mvutano wa dunia?"

Musau akainua mkono. "Mwalimu, nikipanda na jiwe halafu nishuke nalo, si hiyo ni kazi mara mbili?"

Darasa lilicheka, na Mwalimu akacheka kuliko darasa. "Wewe Musau utakuja kuuza mahindi. Jiwe likirudi kwa kimo kilekile lilikotoka, jibu ni sufuri. Jasho lako ni shauri yako."

"Hata kama limepelekwa mbali?" aliuliza Kulthum, binti wa mwenyekiti, ambaye hakuwa na kawaida ya kuuliza maswali ya kijinga.

"Hata ukilipitisha Thika, binti. Angalia kimo pekee."

"Sawa, Mwalimu. Nimeelewa."

Mwalimu mwenyewe hakupanda. Alikuwa na viatu vya ngozi, na mawe yakiachwa peke yake Murera huota miguu. Alikalia rundo chini ya mwavuli, saa mkononi, akitafuna mahindi ya kuchoma. Wanafunzi walipanda wawili wawili kila jiwe, wakapotelea kwenye mibuni karibu na kilele, kisha wakarudi mikono mitupu.

Walikawia sana huko juu. Aliwaita kizazi cha mkate na majarini. "Power ni kazi kwa muda," aliwapigia kelele. "Nyinyi power yenu ni ya kobe."

Hawakununa. Kadiri siku ilivyosonga ndivyo walivyozidi kuchangamka, hata wakaanza kuimba, na Mwalimu akafurahi moyoni kwamba angalau amewatia mapenzi ya sayansi. Jioni hapakubaki kitu. Hata jiwe alilokalia waliliomba kwa heshima, naye akasimama akawapisha.

Akakusanya karatasi. Musau alikuwa ameandika sufuri. Mwalimu akatabasamu na kuweka kosa. Kaleli, sufuri. Wamboi, sufuri. Kulthum, aliyekuwa hajawahi kukosa swali la fizikia, alikuwa ameandika sufuri na kuipigia mstari chini.

Mwalimu alicheka hadi machozi, kalamu nyekundu ikichapa makosa ukurasa baada ya ukurasa, kisha akawarudishia karatasi zao. "Siku nzima mnabeba mawe halafu mnaniandikia sufuri? Wazazi wenu wanasomesha nini? Haya, twendeni juu niwaonyeshe kazi yenu kwa macho."

"Twende, Mwalimu," alisema Kulthum.

Alifika kileleni akihema, viatu vimeharibika. Kwenye ploti yake kulikuwa na majani mabichi, na mbuzi wa watu aliyefungwa kwenye bikoni ya mpaka. Sauti zilikuwa zikitoka chini, upande wa pili. Huko, kwenye uwanja wa shule, mwalimu mkuu Bwana Opiyo alikuwa akifyeka magugu kwa panga, na kandokando ya mtaro wa maabara mawe yalikuwa yamepangwa vizuri, safu juu ya safu.

Mama Kulthum, aliyekuwa huko chini na wazazi wenzake, alimwona kabla hajapata pa kujificha. "Mwalimu Macharia, na vile tumekusema vibaya," sauti yake ilipanda mlima mzima. "Watoto wametuambia umetununulia mawe ya maabara kimyakimya. Shuka tukushukuru."

Kulthum akamnyooshea Mwalimu karatasi yake kwa mikono miwili.

"Barabarani na hapo shuleni ni kimo kimoja, Mwalimu. Naomba tiki yangu."