Unga wa Kuongeza Askari

"Askari wa mwili, zile chembe nyeupe za damu, wameingia kwenye ukuta wa mshipa wa moyo kula mafuta," daktari alimweleza baba. "Wakishiba wanafia humohumo, uvimbe unakua. Mzee Shigela, vidonge unameza?"

"Binti yangu hunisagia kila siku. Hajawahi kusahau."

Mwezi mzima sikuvisaga. Nilimkorogea unga wa mizizi kutoka Buhongwa, maana muuzaji alisema unaongeza askari wa mwili. Kucha zangu bado zilikuwa na rangi ya unga huo. Nikazificha kwenye kanga.

"Kama vidonge vimeshindwa, itabidi tukupasue," daktari akasema, akivuta fomu.

Baba akaitikia kwa kichwa, mkono kifuani.

Nikasimama, nikaitoa mikono kwenye kanga.

"Shikamoo, dokta," nikasema, ingawa nilishamwamkia mlangoni.